Mtetemo wa Njia ya Iringa

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa niliijua kwa macho ya abiria. Nilijua basi linaposimama watu wanywe chai, nilijua wauza vitunguu wanapokimbilia madirisha, na nilijua kwamba mibuyu ikishakuwa mingi pande zote mbili, mlima wa Kitonga hauko mbali. Anayoyajua dereva, yaani lami inapopinda, inapopasuka na inapomdai mikono yote miwili, sikuwahi kuyawaza. Safari hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kuiendesha mwenyewe, takribani kilomita 500, na gari langu, Toyota Allion la miaka mingi, lilikuwa limetoka kuvishwa matairi mapya manne.

Yale ya zamani yalikuwa vipara, na Kitonga si mahali pa kwenda na vipara. Duka la mjini likanifungia mengine ya saizi ileile, 195/65R15. Fundi aliweka kila gurudumu kwenye mashine ya balansi, namba zikasoma sifuri ndani na sifuri nje, nikalipa nikaondoka jioni. Kutoka pale hadi nyumbani ni foleni tupu. Kwa mwendo wa foleni, tairi lolote ni zuri.

Mwenzangu alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyetumikia malori ya njia ya Zambia tangu akiwa utingo. Waliomfundisha kazi ni wale waliopeleka mafuta huko baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, njia yenyewe ikiwa bado vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Hata leo haiiti barabara ya Iringa wala ya Mbeya. Anaiita TANZAM.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nati hizo umekaza wewe au wamekaza wao?"

"Wamekaza wao, mjomba."

Hakusema kitu. Alizunguka gari na tochi ya simu, akagonga kila tairi kwa ngumi kama walivyozoea kuyagonga ya lori kwa chuma, akisikiliza. "Yamejaa mno," akasema, kisha akafungua mlango wa mbele akakaa. Ilikuwa alfajiri na hapakuwa na kituo cha upepo kilichofunguliwa.

Kutoka Mbezi hadi Mlandizi safari ni ya vibao vya 50. Unapunguza, unaongeza, unapunguza tena. Nilihisi kitu kidogo chini ya gari kila nilipokaribia 60, mdundo mwepesi, nikadhani ni viraka vya lami. Tulipovuka Mto Ruvu barabara ikafunguka, na hapo ule mdundo ukawa jambo lenyewe. Kwenye 80 usukani ulianza kucheza mikononi. Kwenye 95 saa yangu ya mkononi ilikuwa ikigongagonga mfupa wa kifundo cha mkono, na kioo cha katikati kilionyesha magari ya nyuma yakiwa mawili mawili.

Dereva mgeni akiona hivyo hushikwa na hofu, na hofu humpeleka kwenye majibu kabla ya maswali: breki, injini, boljointi, tairi feki. Mjomba alinipeleka kwenye maswali. Tangu hapo hadi Morogoro hakuugusa usukani wala hakutaka tubadilishane. Alikuwa akiuliza tu, na kila swali lake lilifunga mlango mmoja.

"Unaisikia wapi, mikononi au makalioni?"

Mikononi zaidi. Gurudumu la mbele likiwa na kasoro, mtetemo hupita kwenye vyuma vya usukani ukafika kwenye viganja. La nyuma halina njia hiyo, kwa hiyo hutikisa kiti na sakafu. Lakini mikono ya mtu mwenye wasiwasi si ya kuaminika sana, na mjomba alilijua hilo. Alichukua chupa mbili za maji ya kunywa, akazipunguza hadi nusu, moja akaiweka mbele kwenye tundu la kikombe, nyingine nikaisikia akiibana sakafuni nyuma ya kiti chake. Halafu akatulia akizitazama kwa zamu. Maji ya chupa ya mbele yalikuwa na mikunjo midogo iliyokimbia kutoka ukingoni kwenda katikati bila kukoma. Ya nyuma yaliyumba tu na gari.

"Inaanza kwenye ngapi?"

Kwenye 60, kwa mdundo. Hapo alikunja uso. Gurudumu ambalo halina balansi kwa kawaida husubiri mwendo: chini ya 80 huwezi kulijua, kati ya 80 na 110 hutikisa vibaya, na wakati mwingine ukizidi hapo hutulia kidogo. Hili letu lilikuwa limeanza mapema, na lilianza kwa kurusha kabla ya kutikisa. "Hii imeamka mapema," alisema. Akaiacha hapohapo, akaendelea na maswali mengine.

Tulipofika mahali penye lami tambarare, nyuma hakuna gari na mbele peupe, akaniambia niachie mafuta niweke N kwa muda mfupi. Injini ikashuka sauti, gari likaendelea kwa nguvu ya mwendo wake, na usukani ukaendelea kucheza vilevile. Basi injini haimo, wala shafti za kuzungushia magurudumu, kwa sababu zenyewe hutetemesha gari unapolikamua, ukiachia hutulia. Nikarudisha D. Kijiji kilichofuata kilikuwa na kibao cha 50, nikakanyaga breki taratibu tangu mbali. Mtetemo ulipungua kadiri mwendo ulivyopungua, pedali haikusukuma mguu, usukani haukuzidi. Basi disko za breki nazo hazimo. Disko zilizopinda au kulika bila usawa hujitangaza pale unapokanyaga, na usipokanyaga huwa kimya.

Kwa hiyo tulifika Chalinze tukiwa na jibu nusu: ni gurudumu, ni la mbele, na huenda si balansi peke yake. Hatukuwa tumefungua nati hata moja.

Chalinze ni njia panda, na njia panda ina wataalamu. Tulisimama kwa fundi pancha mwenye kompresa yake chini ya mti, na kabla hajanyanyua kichwa tulikuwa tumeshapewa ushauri na watu watatu. Karibu wote walisema alaimenti. Nataka kulisemea hili, maana nimeona wengi wakilipia alaimenti kwa ugonjwa ambao si wake. Magurudumu yasiyopangika hulivuta gari upande mmoja, huacha usukani umekaa mshazari unapokwenda moja kwa moja, na hula tairi ukingo mmoja. Kutikisa usukani kwenye mwendo si kazi yake. Ukipeleka gari linalotetema kwenye alaimenti utarudi nalo likiwa limenyooka na bado linatetema.

Fundi pancha alikuwa mtu wa maneno machache. Alipima upepo: pauni 45 kwenye matairi yote manne. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva gari langu lina kibao kutoka kiwandani kinachosema 220, lakini hiyo ni kilopaskali, kipimo cha Kijapani, ambayo kwa geji zetu ni kama pauni 32. Tatizo ni kwamba kibao kinazungumzia tairi lililopoa, na yetu yalikuwa yametoka kukimbia zaidi ya kilomita mia. Tairi likipata moto, upepo wake hupanda pauni tatu, nne hivi. Ukilishusha hadi 32 likiwa na moto, kesho asubuhi utalikuta pungufu. Mjomba akamwambia ashushe hadi 36, mengine tutapima asubuhi yakiwa baridi. Upepo uliozidi haukuwa chanzo cha mtetemo, ila tairi lililojaa mno huwa gumu na hupeleka kila kasoro moja kwa moja kwenye chuma.

Kisha zikaja nati. Zilikuwa zimekazwa, na zilikuwa zake. Nasema zilikuwa zake kwa sababu rimu nyingi za aloi za Toyota kutoka kiwandani hufungwa kwa nati zenye shingo na washa bapa, wakati rimu za chuma na nyingi za kununua dukani hutaka nati zenye mdomo wa pia. Ukizibadilisha zitaingia na zitakaza, lakini gurudumu halitakaa katikati ya habu. Mjomba alichuchumaa akaangalia risasi, vile vipande vizito vinavyobandikwa kwenye rimu wakati wa balansi. Mara nyingi ndicho kisa: rimu haikufutwa vizuri, kipande kikabandikwa juu ya vumbi la breki, safari ya kwanza kikadondoka, nyuma kikaacha alama ya gundi. Vyetu vyote vilikuwepo.

Basi tukahamisha. Fundi akainua upande wa kushoto kwa jeki, gurudumu la mbele likaenda nyuma na la nyuma likaja mbele, upande uleule. Kabla ya kurudisha alisugua uso wa habu kwa brashi ya waya, maana kutu na udongo mkavu mahali rimu inapokalia chuma huweza kuipindisha kidogo, na kidogo hicho kwenye ukingo wa tairi ni kingi. Akakaza nati kwa kuruka, moja huku, nyingine ng'ambo, gurudumu likiwa bado hewani.

Hatukuhitaji kwenda mbali. Baada ya kutoka mjini nilipofika 90 usukani ulikuwa umetulia mikononi, na kiti changu ndicho kilichokuwa kikitetema. Mjomba aligeuka kutazama chupa ya nyuma. Maji yake yalikuwa yamejaa mikunjo. "Tumemkamata," akasema, kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu astaafu. Kasoro ilikuwa imehama na gurudumu. Si habu, si beringi, si shokapu, kwa sababu hivyo vyote vilibaki mbele. Tulienda kwa 55 hadi Morogoro, malori yakitupita, Milima ya Uluguru ikikua taratibu mkono wa kushoto.

Morogoro tulielekezwa kwenye gereji yenye mashine ya balansi. Fundi wake alikuwa dada wa makamo, ovaroli imekunjwa mikono, ambaye alimsikiliza mjomba hadi mwisho bila kumkatiza. "Shikamoo, mzee. Lipi?" Mjomba akamwonyesha kwa kidole gurudumu moja, lile lile.

Akalifunga kwenye mashine, akashusha kifuniko, likazunguka, likasimama. Sifuri ndani. Sifuri nje.

Nilimtazama mjomba. Yule dada hakushangaa. Alifungua kifuniko, akachukua bisibisi ndefu, akaegemeza mpini kwenye mwili wa mashine ili usitikisike, ncha akaisogeza hadi ibaki nafasi ya unene wa shilingi kati yake na uso wa tairi. Halafu akalizungusha gurudumu kwa mkono, polepole. "Njoo uone, kaka." Nafasi ilikuwa ikibadilika. Ilipanuka, ikasinyaa hadi mpira ukaikwaruza ncha ya bisibisi, ikapanuka tena, kila mzunguko mahali palepale.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea Dar es Salaam, na ndicho ninachotaka kila mwenye gari akijue. Mashine ya balansi hupima uzito. Inakuambia upande upi ni mzito na ubandike gramu ngapi wapi. Umbo haiulizwi. Gurudumu linaweza kuwa na uzito uliolingana kabisa huku likiwa si duara, na kila likizunguka litalinyanyua gari na kulitua. Fundi wa Dar hakunidanganya aliponionyesha sifuri. Sifuri ilikuwa ya kweli, kwa swali lile moja.

Sababu ya kutokuwa duara aliionyesha kwa kidole gumba. Karibu na rimu, ubavu wa kila tairi una mstari mwembamba ulioinuka, unaozunguka pote. Kazi yake ni kumwonyesha fundi kama ukingo wa tairi umekaa. Ukikaa sawasawa, umbali kutoka ukingo wa rimu hadi mstari huo ni mmoja kuzunguka gurudumu zima. Kwenye tairi letu ulikuwa mmoja hadi mahali fulani, kisha kwa urefu wa kama viganja viwili mstari ulizama, ukapotelea kabisa nyuma ya rimu, ukaibuka tena. Sehemu hiyo ya mpira haikuwa imepanda mahali pake. Ilikuwa imenasa chini. "Walifunga pakavu," alisema. Bila sabuni ukingo hushika rimu, na upepo hata ukiwa mwingi haupati njia ya kuusogeza.

Alitoa upepo wote, akabandua tairi, akaizungusha rimu tupu kwenye mashine ili ajue kama nayo ni nzima. Ilizunguka sawasawa. Akaifuta ukingoni kwa kitambaa hadi mabaki ya mpira wa zamani yakatoka, akapaka maji ya sabuni nzito pande zote mbili. Tairi lilikuwa na doa la manjano ubavuni, ambalo watu wengi hudhani ni alama ya dukani. Linaonyesha mahali tairi ni jepesi zaidi, na hukalishwa usawa wa valvu, ambapo rimu huwa na uzito wake wa ziada. Yako matairi yenye doa jekundu pia, hilo huonyesha mahali palipoinuka zaidi. Letu lilikuwa na la manjano tu, na duka la Dar lilikuwa limeliacha upande wa pili kabisa wa valvu.

Wakati wa kujaza alituambia tusogee. Ukingo unapopanda hupanda kwa nguvu, na pauni 40 ndiyo mwisho: tairi lisilokaa kwa 40 hutolewa upepo na kupakwa sabuni upya, haliongezwi. Lilisikika pu! upande mmoja, kisha pu! upande wa pili. Akakagua mstari kuzunguka pote kwa kidole, mbele na nyuma, akarudia na bisibisi. Ncha ilikaa na nafasi ileile mzunguko mzima.

Kisha akalifunga tena kwenye mashine, na safari hii haikusoma sifuri. Ilisoma gramu 35 ndani na 20 nje. Risasi zilizokuwepo zilikuwa zimebandikwa kulinganisha tairi lililokaa upogo. Sasa limekaa wima, zenyewe ndizo zilizokuwa zikilielemea. Alizibandua zote akaanza upya, vipande vya gramu tano tano, hadi sifuri ikarudi.

Gramu 30 hazionekani kuwa kitu mkononi. Lakini tairi la saizi yetu huzunguka kama mara 14 kila sekunde gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, na kwa mwendo huo gramu 30 zilizo ukingoni mwa rimu huvuta kwa nguvu ya kilo nne na ushee, zikibadili upande kila mzunguko. Kwa kilomita 50 nguvu hiyo ni robo tu, kama kilo moja. Ndiyo maana mjini hujui kitu, ukitoka mjini gari linageuka kuwa jingine.

Nilimwomba ayakague na yale mengine matatu. Mistari yake ilikuwa sawa. Alikaza nati kwa spana ya kupimia, nyutonimita 103, akatuagiza tuzikague tena baada ya kilomita kama 80 kwa sababu gurudumu lililofunguliwa hujipanga likitembea. Mjomba, ambaye nilidhani atalichukulia agizo hilo kama la kumfundisha mzee kazi yake, aliitikia kwa kichwa na kumshukuru kwa kumwita fundi. Nikapiga simu duka la Dar nikawaeleza, bila ugomvi, waangalie mstari wa ubavuni kabla ya kumwachia mteja. Aliyepokea akasema mashine ilisoma sifuri. Nikamwambia ni kweli ilisoma.

Baada ya Morogoro nilianza kuiona barabara. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, karibu kilomita 50 za lami kati ya twiga na pundamilia, unakwenda taratibu na vidole viwili vinatosha kwenye usukani. Mikumi mjini tukakagua nati. Moja ililegea robo mzunguko, tukaikaza. Ruaha Mbuyuni mjomba alinunua vitunguu kwa bei ambayo ilichukua muda kupatikana. Kisha Kitonga.

Kwenye kona zake malori hupanda kwa gia ya chini kabisa, moja nyuma ya jingine, na mjomba alikuwa akinitajia kila kona kabla hatujaifikia: hapa acha nafasi, hapa anayeshuka atakuja upande wako, hapa mwenzetu mmoja aliishiwa breki. Gari lilikuwa limekamuliwa mlima mzima, kipimo cha mwisho cha shafti na viungo vyake, na hapakuwa na mtetemo wowote. Tulipofika juu, upepo wa Ilula ukaingia madirishani ukiwa wa baridi, na nikaongeza mwendo hadi 100 kuelekea Iringa nikitazama chupa ya mbele. Maji yalikuwa yamelala.

Asubuhi iliyofuata, kabla mtu hajawasha gari, mjomba alikuwa nje amevaa koti akiwa na geji ya kuazima. Matairi matatu yalisoma 31, lililofungwa Morogoro 32. Yote salama. Kisha akaniomba nifungue buti nitoe vitunguu, akainua zulia, akalifikia tairi la akiba, ambalo katika habari yote hii hakuna aliyelikumbuka, si mimi, si duka, si mafundi. Lilisoma pauni 14. Tukalitoa, tukaenda kulijaza kabla ya chai.